Hadubini ya planktoni: kuona ni rahisi, kazi ni kuhesabu

Mtu akionyeshwa hadubini, swali lake la kwanza huwa lilelile: inakuza mara ngapi? Hadubini za shule huandikwa mara 40, mara 100, mara 400, nasi tumezoea kuamini kwamba namba kubwa ndiyo bora. PlanktoScope, hadubini huria iliyobuniwa mahususi kwa kupiga picha planktoni, inalijibu swali hilo kwa namba ya kushangaza: lenzi zake zinakuza kiasi cha mara mbili tu. Na bado inafanya kazi ambayo hadubini ya mara 400 haiiwezi. Anayetaka kujenga kifaa cha namna hii, au kuelewa kwa nini watu wanahangaika kukijenga, aanzie kwenye hiyo mara mbili.

Lakini kwanza planktoni wenyewe. Ni viumbe wote wa majini wasioweza kushindana na mkondo. Maji yakienda, nao wanakwenda. Jina lao lilitolewa mwaka 1887 na Mjerumani Victor Hensen, akilichukua kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya anayetangatanga. Hensen hakuwa na haja ya kuwatazama tu. Alitaka kujua wako wangapi, kwa kuwa aliona kwamba chakula chote cha bahari kinaanzia kwao. Planktoni-mimea, wale wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, ndio wanaofanya takriban nusu ya usanisinuru wote wa dunia. Planktoni-wanyama huwala hao, na samaki wadogo huwala hawa. Dagaa wa Kigoma na dagaa wa Mwanza ni samaki wa koo tofauti kabisa, mmoja wa jamii ya sadini na mwingine wa jamii ya samaki aitwaye kapu (carp), ila wote wawili wanaishi kwa planktoni-wanyama. Mvuvi anayetoka usiku wa giza na taa yake anafuata, bila kulitaja kwa jina, kundi la viumbe wasioonekana kwa macho ambao hupanda juu usiku na kushuka kukicha.

Shida ni kwamba bahari ni kubwa na meli za utafiti ni chache. Vifaa vya kiwandani vinavyopiga picha planktoni vikiwa vinapita kwenye mkondo wa maji huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Safari ya Tara Oceans, iliyozunguka bahari za dunia kati ya 2009 na 2013 kwa jahazi la utafiti la Kifaransa, iliwapa wanasayansi hazina kubwa ya sampuli. Hata hivyo chombo kimoja hupita mahali mara moja na kwenda zake. Anayerudi mahali palepale wiki baada ya wiki ni mwenyeji: mvuvi, mwalimu wa shule iliyo karibu na gati, nahodha wa mashua ya watalii. Kutokana na wazo hilo, watafiti wa maabara ya Manu Prakash katika Chuo Kikuu cha Stanford, wakishirikiana na wenzao wa Ufaransa walio katika mpango wa Plankton Planet, walibuni PlanktoScope na kuichapisha rasmi mwaka 2022. Mtu anayenunua vipuri na kuijenga mwenyewe anaweza kuimaliza kwa chini ya dola 1,000. Si pesa ndogo kwa shule ya kata, nakiri. Ni ndogo kwa taasisi, na ni ndogo sana ukiilinganisha na kifaa cha kiwandani.

Sasa turudi kwenye mara mbili. Ndani ya hadubini hii kuna lenzi mbili ndogo za aina ya M12, zile zinazotumika kwenye kamera za ulinzi, zimewekwa zikitazamana. Ya mbele imegeuzwa. Lenzi ya kamera imetengenezwa ili kuchukua kitu kikubwa kilicho mbali na kukifinya kwenye chipu ndogo. Ukiigeuza, inafanya kinyume chake. Ukuzaji unapatikana kwa kugawanya umbali wa fokasi (umbali kutoka lenzi hadi pale inapokutanisha mwanga) wa lenzi ya nyuma kwa ule wa lenzi ya mbele. Chukua lenzi ya nyuma ya milimita 25 na ya mbele ya milimita 12: unapata 2.08.

Mbona inatosha? Kwa sababu anayetazama hapa si jicho bali ni chipu ya kamera. Kamera ya HQ ya kompyuta ndogo iitwayo Raspberry Pi ina pikseli zenye upana wa mikromita 1.55 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Gawanya kwa 2.08, utaona kwamba kila pikseli inawakilisha mikromita 0.75 ya kitu halisi. Daiatomu, yaani planktoni-mmea wa seli moja, yenye urefu wa mikromita 50, pungufu ya unene wa unywele, itachukua pikseli 67 kwa urefu, na mara nyingi zinatosha kwa mtaalamu kutambua ni ya kundi gani. Kukuza zaidi ya hapo kwa lenzi hizihizi kungeleta picha kubwa yenye ukungu uleule. Undani hutoka kwenye uwezo wa lenzi kukusanya mwanga kutoka pembe pana. Ukuzaji peke yake hauuleti.

Faida ya pili ndiyo kubwa zaidi. Chipu hiyo ina pikseli 4,056 kwa 3,040, kwa hiyo picha moja inaona eneo la takriban milimita 3.0 kwa 2.3. Hadubini ya shule iliyowekwa kwenye mara 400 inaona duara lenye kipenyo kisichofika nusu milimita. Eneo la PlanktoScope ni kubwa zaidi ya mara 40. Maji yenyewe yanapita kwenye kijia chembamba cha kioo chenye kina kinachojulikana. Kikiwa milimita 0.3, kila picha inachukua milimita za ujazo mbili za maji, yaani mikrolita 2. Picha 500 ni mililita moja.

Hesabu hiyo ndogo, picha 500 kwa mililita, ndiyo moyo wa kifaa chote. Mtu aliyeweka tone kwenye kioo na kuona kopepodi, planktoni-mnyama wa jamii ya kamba na kaa, akirusha miguu amefurahi, na ana haki ya kufurahi. Lakini hawezi kusema bahari ina kopepodi wangapi, kwa kuwa hajui ametazama maji kiasi gani. Aliyepiga picha 500 kwenye kijia chenye kina kinachojulikana anajua.

Yanayobaki katika ujenzi yanafuata kutoka hapo. Maji yanasukumwa na pampu inayokamua mpira kwa magurudumu madogo, kama mtu anavyokamua dawa ya meno, hivyo maji ya chumvi hayagusi chuma popote. Pampu inavuta kidogo, inasimama, maji yanatulia kwa muda mfupi, kamera inapiga, pampu inavuta tena. Kusimama huko kuna sababu: kwa ukubwa huu, kiumbe akisogea mikromita chache tu wakati wa kupiga, picha inakuwa mchirizi. Nyuma ya kijia kuna taa ndogo ya LED, na viumbe wanaonekana kama vivuli vyenye maelezo ya ndani. Mota mbili ndogo husogeza kijia mbele na nyuma kutafuta fokasi. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inaendesha vyote, na mtumiaji anaviamrisha kwa simu au kompyuta kupitia Wi-Fi ya kifaa chenyewe. Haihitaji intaneti. Kwa mtu aliye kwenye ngalawa au kisiwani, hilo si jambo dogo.

Hapa pana mambo mawili ambayo wanaojenga kwa mara ya kwanza huyapuuza na baadaye kuyajutia. La kwanza ni uchafu. Vumbi kwenye lenzi na mikwaruzo ya kioo huonekana kwenye picha sawasawa na planktoni. Programu inautambua kwa njia rahisi na nzuri: inalinganisha picha kadhaa zinazofuatana, na chochote kilicho mahali palepale katika zote kinahesabiwa kuwa ni uchafu na kufutwa. Planktoni hupita, vumbi halisogei. Lakini daiatomu iliyonata kwenye kioo itafutwa pia, kwa hiyo kijia lazima kioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila baada ya kazi. La pili ni kipimo. Usikubali mikromita 0.75 kwa kuwa imeandikwa kwenye karatasi. Piga picha kioo chenye mistari ya kipimo, uhesabu mwenyewe. Ukikosea urefu kwa asilimia 5, ujazo wa kiumbe, ambao ndio unaotumika kukadiria uzito wake, utakuwa umekosewa kwa karibu asilimia 16, kwa maana kosa linajizidisha mara tatu.

Yote haya ni mezani. Sayansi ya planktoni huharibika zaidi majini kuliko mezani, na hapo ndipo nadhani miradi mingi ya wananchi inahitaji msaada kuliko kwenye vifaa vya elektroniki.

Lita moja ya maji ya bahari ina planktoni-wanyama wachache mno kuweza kuhesabika kwa uhakika, hivyo lazima wakusanywe kwa wavu. Wavu wa dagaa haufai. Chandarua cha mbu pia hakifai: matundu yake yana upana wa zaidi ya milimita moja, yaani mara 50 au 60 ya tundu la mikromita 20 linalotakiwa ili kunasa daiatomu. Kitambaa maalumu cha nailoni kinahitajika, na katika mradi mzima hicho ndicho kitu ambacho fundi wa mtaani hawezi kukibadilisha na kingine.

Tuseme mdomo wa wavu una kipenyo cha sentimita 30. Eneo lake ni mita za mraba 0.0707. Ukiuvuta mita 100, umechuja mita za ujazo 7.07, zaidi ya lita 7,000. Planktoni wote hao umewaosha kwenye chupa ya mililita 250. Kwa hiyo kila mililita ya chupa hiyo inabeba planktoni wa lita 28 za bahari. Sasa umepiga picha 500, mililita moja, ukahesabu kopepodi 140. Gawanya: kopepodi 5 kwa lita, au karibu 5,000 kwa mita ya ujazo. Hiyo sasa ni namba ambayo mtu wa Mombasa anaweza kuilinganisha na ya mtu wa Muscat.

Angalia jinsi mnyororo huo ulivyo mwepesi kukatika. Wavu ukiziba katikati ya safari kwa sababu maji yana mwani mwingi, maji yanaukwepa mdomo. Ulidhani umechuja mita za ujazo 7, kumbe ni 3.5, na jibu lako limekuwa nusu ya ukweli. Chupa isipotikiswa vizuri kabla ya kuvutwa na pampu, viumbe wazito wamelala chini na wewe unahesabu wepesi. Ukiiacha chupa juani kwa saa nne, kopepodi wamekufa au wamekula wenzao. Hakuna kamera itakayorekebisha hayo.

Kuna pia bahati. Ukihesabu viumbe waliotawanyika ovyo, jibu lina wasiwasi wa asili unaolingana na kipeuo cha pili cha hesabu yenyewe. Ukihesabu 100, wasiwasi ni kama 10, asilimia 10. Ukihesabu 9, wasiwasi ni 3, theluthi nzima. Kwa hiyo mtu aliyeona dainoflajelati (planktoni wa seli moja mwenye mijeledi) 9 wiki iliyopita na 13 wiki hii hana habari ya kutangaza; hiyo inaweza kuwa bahati tupu. Dawa yake ni kuendelea kupiga picha mpaka kundi unalolijali lifike mia hivi. Mashine haichoki, na hii ndiyo sababu nyingine ya kuipenda kuliko jicho.

Kifaa pia kina upofu wake, na ni vizuri kuusema wazi. Kimekusudiwa viumbe wa mikromita 20 hadi 200. Wakubwa zaidi wanaziba kijia, hivyo sampuli huchujwa kwanza. Wadogo zaidi wanakuwa vidoa visivyo na sura. Prochlorococcus, bakteria wa usanisinuru aliyegunduliwa katika miaka ya 1980 na ambaye ni miongoni mwa viumbe wengi kuliko wote baharini, ana upana wa pungufu ya mikromita moja. Atapita mbele ya lenzi kwa maelfu bila kuonekana hata mmoja. Asiyeonekana kwenye picha za PlanktoScope hajathibitishwa kuwa hayupo.

Picha zikishapigwa, programu inakata kila kiumbe na kumweka peke yake kwenye kijipicha, ikipima urefu, upana, weusi na umbo lake. Vijipicha hivyo vinaweza kupelekwa EcoTaxa, hifadhi iliyoanzishwa na watafiti wa Villefranche-sur-Mer nchini Ufaransa. Huko kompyuta inapendekeza jina, na binadamu anakubali au kukataa. Mpangilio huo ni wa busara. Kompyuta inapanga maelfu ya vijipicha kwa dakika, lakini povu, nyuzi za plastiki na kinyesi cha kopepodi huipotosha kirahisi. Mwanafunzi aliyefundishwa vizuri kwa wiki kadhaa anaweza kutenganisha daiatomu za mnyororo na nyuzi za nailoni. Kutaja spishi ni kazi nyingine, na kwa picha za aina hii mara nyingi haiwezekani hata kwa bingwa. Afadhali kuandika jina la kundi pana lililo sahihi kuliko jina refu la Kilatini lililobahatishwa.

Na kila picha iandamane na maelezo: mahali, saa, tundu la wavu, mita zilizovutwa, ujazo wa chupa. Kwenye mwambao wetu ningeongeza mawili ambayo fomu za kigeni hazina nafasi yake: ni bamvua au maji mafu, na maji yanajaa au yanapwa. Gatini, saa sita za maji kupwa zinaweza kubadilisha kilichomo kwenye chupa kuliko mwezi mzima wa mabadiliko ya msimu.

Neno huria nalo linahitaji kufafanuliwa, kwa kuwa wengi wanalisikia kama bure. Huria maana yake michoro, orodha ya vipuri na programu ziko wazi, na yeyote anaruhusiwa kuzijenga, kuzibadilisha na hata kuziuza, mradi afuate leseni; kwa vifaa, leseni moja inayotumika sana ni ile iliyotungwa CERN, maabara ya fizikia iliyoko Uswisi. Faida yake kubwa kwa sayansi ni kwamba mtu akitilia shaka namba yako anaweza kufungua kifaa na kuona ilivyopatikana. Faida yake kubwa kwetu ni matengenezo. Kifaa kilichofungwa kikiharibika Zanzibar husubiri fundi wa ng'ambo au huishia stoo. Hata hivyo uhuria haumalizi utegemezi wote. Raspberry Pi yenyewe si huria, na uhaba wa chipu duniani ulipobana mwaka 2021 na 2022, miradi mingi ilikaa ikisubiri kibao kimoja kidogo.

Kwamba mambo haya yanawezekana hapa kwetu si ndoto. OpenFlexure, hadubini nyingine huria, ina meza ya kusogeza sampuli inayochapwa kwa printa ya 3D ikiwa kipande kimoja cha plastiki. Badala ya reli za gharama, sehemu nyembamba za plastiki hujipinda, na mpindo huo huisogeza sampuli kwa hatua ndogo sana, pungufu ya mikromita. Iliendelezwa katika Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, kwa ushirikiano na mafundi wa Bongo Tech & Research Labs, Dar es Salaam, na Taasisi ya Afya Ifakara, kwa lengo la kupima malaria. Mafundi wa Dar walizijenga wenyewe na kuzirekebisha kwa mazingira yao. Vimelea vya malaria vinataka ukuzaji mkubwa na planktoni wanataka eneo pana, kwa hiyo hadubini moja haichukui nafasi ya nyingine. Ila fundi aliyeijenga ya kwanza ana karibu ujuzi wote wa kuijenga ya pili.

Kuna swali moja ambalo ningependa kuliona likifanyiwa kazi. Wakati wa kaskazi, juu ya maji ya pwani ya Tanzania hutokea michirizi ya rangi ya kahawia kama unga wa mbao uliomwagwa. Ni Trichodesmium, bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza mbolea ya bahari, na watafiti wameshaonyesha kwamba huongezeka katika msimu huo. Makundi yao yanaweza kufika milimita kadhaa, kwa hiyo kijia cha milimita 0.3 kingeziba siku ya kwanza. Mtu wa gatini angelazimika kubuni kijia kipana zaidi na kukubali kwamba baadhi ya picha zitatoka nje ya fokasi, halafu apime upya ujazo wa kila picha na kuyaweka mabadiliko yake wazi kwa wengine. Baada ya hapo ni kurudi palepale, mara mbili kwa mwezi, kila bamvua, maji yakijaa, kaskazi na kusi.